Presha iliyorudi: mafuta, vimeng'enya na kidonge cha goti

"Daktari, mimi ni mama wa miaka 53. Mwaka jana niligundulika nina presha, nikaanzishiwa enalaprili miligramu 10 kila siku. Ilishuka mpaka 134/84, nikashukuru. Miezi hii mitatu imepanda tena, juzi ilikuwa 150/96, na kikohozi kikavu hakiniachi nilale. Nimesoma kwamba presha huletwa na kimeng'enya fulani mwilini, kwamba mafuta mabaya hukichochea, na kwamba mafuta ya samaki hukizuia sawasawa na dawa yangu. Basi nimeacha siagi kabisa, nameza vidonge viwili vya mafuta ya samaki kwa siku, na kwa wiki mbili sasa enalaprili nakunywa siku moja naruka moja, ili mwili uzoee kukaa bila dawa. Nina goti linalouma, kwa hiyo tangu miezi minne iliyopita natumia diklofenaki asubuhi na jioni. Uzito wangu ni kilo 86. Je, nikiendelea na mafuta ya samaki naweza kuachana na dawa? Na ni mafuta gani hasa yanayopandisha presha?"

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza macho yangu yalikimbilia kwenye mafuta, kama ulivyotaka, nikalipita jambo ulilolitaja mwishoni kwa sentensi moja tu. Nitalirudia. Kwanza lile lisilongoja: usiendelee kuruka siku. Kidonge cha enalaprili hufanya kazi kwa takriban saa 24. Siku unayoiruka huna kinga, na siku inayofuata unaanza upya. Mwili haujifunzi kukaa bila dawa kwa kurukaruka, unachopata ni presha inayopanda na kushuka. Meza kila siku kama ulivyoandikiwa, mpaka ukae na daktari wako muamue pamoja. Sharti ni moja tu: kama umewahi kuvimba midomo, ulimi au uso tangu uanze dawa hii, usiimeze tena, nenda hospitali leo hii.

Sasa hicho kimeng'enya. Ulichosoma si uongo mtupu. Ni ukweli uliokatwa katikati, na nusu iliyobaki ndiyo yenye jibu lako.

Mwaka 1898 watafiti wa Stockholm, Robert Tigerstedt na Per Bergman, walichapisha jinsi walivyosaga figo za sungura, wakachuja maji yake na kuyadunga katika mishipa ya sungura wengine. Presha ikapanda. Kitu kile wakakiita renini, kutokana na jina la Kilatini la figo. Leo tunajua kwamba renini haibani mshipa wowote. Ni kimeng'enya, yaani mkasi. Ini lako linamwaga kwenye damu protini ndefu iitwayo angiotensinojeni, na renini huikata ukabaki mnyororo wa asidi amino 10, yaani vipande 10 vya kujengea protini. Mnyororo huo bado ni mpole. Ukipita kwenye mapafu, ambako kuta za mishipa midogo zimejaa kimeng'enya cha pili, hukatwa asidi amino mbili za mwisho. Zinabaki 8, na hiyo ndiyo angiotensini ya pili, kitu kikali kweli. Hubana mishipa midogo mwili mzima, hukutia kiu, na huziamuru tezi zilizokaa juu ya figo zitoe aldosteroni, homoni inayozifanya figo zishikilie chumvi, na maji hufuata chumvi. Kimeng'enya hicho cha pili madaktari hukiita ACE. Hapa nitakiita kigeuzi, kwa kuwa kazi yake ni kugeuza angiotensini pole kuwa angiotensini kali.

Usikichukie. Mtu anayevuja damu nyingi au aliyeishiwa maji kwa kuhara hubaki hai kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mfumo huu. Shida huanza pale unapofanya kazi ya dharura kila siku bila dharura. (Kwa sababu hiyohiyo, siku utakayoharisha au kutapika sana huku unatumia enalaprili, piga simu kliniki uulize kama uisimamishe kwa muda. Figo zilizokaukiwa zinauhitaji mfumo huo.)

Enalaprili inakizuia kigeuzi. Lakini kigeuzi kina kazi nyingine ambayo watu wengi hawaambiwi: kinavunjavunja bradikinini, kemikali inayolegeza mishipa. Jambo hili lilijulikana kupitia nyoka. Sumu ya jararaca, nyoka wa Brazili, huishusha presha ya aliyeumwa, na mwaka 1965 mtafiti Sérgio Ferreira alieleza kwamba ndani yake kuna kitu kinachoiongezea bradikinini nguvu. Baadaye ilionekana kuwa kitu hicho kinakizuia kigeuzi, na kutokana na ufahamu huo ikatengenezwa kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Enalaprili ni mdogo wake. Kwa hiyo unapoimeza, bradikinini haivunjwi kama kawaida. Kwa upande mmoja ni faida, mishipa hulegea zaidi. Kwa upande mwingine inarundikana kwenye njia ya hewa na kuwasha neva za kikohozi. Karibu mtu mmoja katika kila kumi hupata kikohozi hicho kikavu, wanawake kuliko wanaume, wengine baada ya wiki chache, wengine baada ya miezi. Hakimaanishi mapafu yako yameharibika, wala kwamba mwili umezikataa dawa zote za presha. Kinamaanisha kidonge hiki hakikufai, na vipo vingine.

Je, mafuta ya samaki yanakizuia kigeuzi? Katika chupa ya maabara, asidi za mafuta ya aina laini zaidi, yasiyoganda yakipoa, zikiwemo za omega-3, zimeonekana kupunguza nguvu ya renini. Kwa panya wenye presha ya kurithi, mafuta ya jamii hiyo yamepunguza pia kazi ya kigeuzi. Huenda ndiko aliyeandika ulichosoma alikoanzia. Ila chupa haina ini wala utumbo, na panya hupewa kiasi ambacho mtu hakifikii kirahisi. Kwa binadamu, tafiti nyingi zikijumlishwa, omega-3 ya gramu 2 hadi 3 kwa siku hushusha presha ya juu, yaani ile namba ya kwanza kwenye kipimo, kwa milimita 2 au 3 hivi. Dawa za kundi la enalaprili hushusha takriban 8 kwa wastani. Tena angalia nyuma ya kopo lako. Kidonge cha kawaida cha miligramu 1,000 za mafuta ya samaki mara nyingi kina miligramu 300 tu za omega-3 zinazohusika, 180 za EPA na 120 za DHA. Vidonge vyako viwili vinakupa 600. Kufikia gramu 3 ungehitaji kumi kwa siku, na kwa dozi kubwa namna hiyo tafiti zimeonyesha hatari ya mapigo ya moyo kwenda ovyo kuongezeka. Sikukatazi kula samaki wenye mafuta. Ninachokataa ni kidonge hicho kuitwa mbadala.

Mafuta huingia kwenye mambo ya presha kwa mlango mwingine, na hapa naomba utulie nami kidogo.

Kila seli ya mwili wako imezungukwa na utando, na utando huo umejengwa kwa asidi za mafuta, nyingi kutoka kwenye chakula. Kwa hiyo mafuta unayokula leo yanakuwa ghala la malighafi kwa wiki na miezi ijayo. Mojawapo ya asidi zinazohifadhiwa humo ni asidi arakidoniki, ya jamii ya omega-6. Seli ikiguswa na ishara fulani, huitoa kwenye utando na kuikabidhi kwa vimeng'enya. Cha kwanza kati ya hivyo kinaitwa siklooksijenasi. Hicho huutengenezea mwili kemikali za muda mfupi sana, nyingine zinazodumu sekunde au dakika: tromboksani inayobana mishipa na kugandisha damu, na prostaglandini kadhaa, zikiwemo zinazotanua mishipa na kuzisaidia figo kutoa chumvi. Malighafi ni moja, lakini bidhaa zinavutana. Omega-3 zikiingia kwenye utando hugombea nafasi kwenye kimeng'enya hichohicho, na tromboksani inayotokana nazo ni dhaifu kuliko ile ya arakidoniki, huku kemikali ya kutanua mishipa ikibaki na nguvu zake. Hapo ndipo sehemu ya zile milimita 2 au 3 inapotoka. Kigeuzi hakihusiki.

Wapo wanaohitimisha kwamba omega-6 basi ni adui, na mafuta yote ya mbegu yatupwe. Sikubaliani nao. Arakidoniki ndiyo mama wa kemikali zinazozilinda figo zako, na ukinyima mwili kemikali hizo presha hupanda.

Na dada, wewe umezinyima. Miezi minne sasa, asubuhi na jioni.

Diklofenaki hupunguza maumivu kwa kukizuia siklooksijenasi. Haiwezi kuchagua kukizuia kwenye goti pekee. Inakizuia pia kwenye figo, prostaglandini zinapungua, figo zinashikilia chumvi na maji, mishipa inakosa kitu cha kuilegeza, presha inapanda. Kwa watu wenye presha, dawa za jamii hii, ibuprofeni ikiwemo, huipandisha kwa wastani wa milimita 5 hivi, na kwa wengine zaidi sana. Vilevile hupunguza nguvu ya enalaprili, maana sehemu ya kazi ya enalaprili hupitia kwenye bradikinini, na bradikinini nayo hutegemea prostaglandini hizohizo. Sasa tazama tarehe zako mwenyewe: dawa ilikuwa inafanya kazi, miezi minne iliyopita ukaanza diklofenaki, mwezi uliofuata presha ikaanza kupanda, ukailaumu siagi. Siwezi kuapa nikiwa mbali, lakini mimi ningeanza kutafuta hapo kabla ya kugusa kitu kingine.

Lipo na la uzito zaidi. Enalaprili na dawa ya maumivu ya jamii hii zikikaa pamoja muda mrefu, figo hubanwa pande mbili. Ukiongezewa kidonge cha kukojoza maji, hatari ya figo kuumia ghafla huongezeka tena. Kwa hiyo omba kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha hali ya figo, na cha potasiamu wiki hii, usingoje tarehe ya kliniki. Usitumie pia chumvi zile zinazouzwa kama mbadala wa chumvi ya kawaida bila kuuliza, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na enalaprili peke yake hupandisha potasiamu.

Turudi kwenye siagi, maana umeuliza mafuta gani. Watu wengi hupiga picha ya bomba la jikoni: mafuta yanaganda, bomba linaziba, presha inapanda. Mafuta kujikusanya kwenye kuta za mishipa mikubwa ni ugonjwa wa kweli na unaua, lakini presha kwa sehemu kubwa huamuliwa kwenye mishipa midogo sana, kwa jinsi misuli ya kuta zake inavyokaza au kulegea. Kinachoilegeza zaidi ni gesi iitwayo nitriki oksaidi, inayotengenezwa na utando wa ndani wa mshipa. Waliotambua kazi yake, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Kimeng'enya kinachotengeneza gesi hiyo kinadhurika kwa urahisi. Asidi za mafuta mazito yanayoganda yakipoa, hasa ile ya palmitiki, zikizidi huchochea uvimbe mdogomdogo kwenye utando huo na kupunguza kazi ya kimeng'enya. Mafuta yaliyogandishwa kiwandani ndiyo mabaya kuliko yote kwa moyo, na hayo sina neno la kuyatetea. Mafuta ya maji, kama ya zeituni, yakichukua nafasi ya mafuta mazito au ya wanga mwingi, hushusha presha kidogo. Narudia: yakichukua nafasi. Ukimimina mafuta ya zeituni juu ya chakula kilekile umeongeza nishati tu.

Kuhusu siagi peke yake, ukweli ni kwamba kuiacha kutaisaidia kolesteroli yako kuliko presha yako. Katika utafiti maarufu wa mlo wa DASH wa mwaka 1997, wenye presha walioula walishuka kwa milimita 11 hivi za presha ya juu, na mlo ule ulikuwa na matunda, mboga na maziwa yasiyo na mafuta mengi. Miaka baadaye ulijaribiwa mlo kama huo ukiwa na maziwa yenye mafuta yake, na presha ikashuka vilevile. Wingi wa mboga na matunda, pamoja na chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, vina nguvu kuliko kuhesabu vijiko vya siagi.

Yapo mafuta yenye usemi mkubwa kwenye vimeng'enya vyako, nayo hayako kwenye kijiko. Ni yale ya tumboni. Seli za mafuta hazikai kimya kama gunia ghalani. Zinatengeneza angiotensinojeni zenyewe, zinaongezea ile ya ini, na kuupa mkasi wa renini kitu zaidi cha kukata. Watafiti waliondoa uwezo huo kwenye seli za mafuta za panya dume, wakawalisha mafuta mengi wakanenepa, na presha yao haikupanda kama ya wenzao. Kwa binadamu, utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia wanawake wanene waliokoma hedhi. Walipopunguza asilimia 5 tu ya uzito wao, angiotensinojeni kwenye damu ilishuka kwa asilimia 27, renini 43, aldosteroni 31, na hata kile kigeuzi, kimeng'enya ulichotaka kukizuia kwa mafuta ya samaki, kilipungua kwa asilimia 12. Presha ya juu ilishuka kwa milimita 7. Kwako asilimia 5 ni kilo 4 na robo hivi. Na goti nalo: kila kilo unayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Sijui dawa nyingine inayohudumia goti na figo kwa wakati mmoja.

Sasa ufanye nini? Kikohozi kwanza, kwa sababu ndicho kinachokukosesha usingizi. Mweleze daktari wako wazi, usione aibu kwamba unamrudishia dawa. Lipo kundi la losatani, ambalo halikigusi kigeuzi kabisa. Linaiziba milango ambako angiotensini kali hufanyia kazi, hivyo bradikinini inaendelea kuvunjwa na kikohozi kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja hadi nne, kwa wachache miezi mitatu. Lipo pia kundi la amlodipini, ambalo dawa za maumivu haziliharibii kazi sana, ingawa linaweza kuvimbisha miguu. Mimi kwa hali yako ningeelekea losatani, lakini majibu ya figo yatangulie. Usichanganye losatani na enalaprili kwa kufikiri kwamba mbili ni bora kuliko moja. Na kama kikohozi kinatoa makohozi yenye damu, kina homa, au unapungua bila kutaka, basi si cha dawa, kinahitaji uchunguzi wake.

Goti ni gumu zaidi, na sitaki kukuambia tu "acha diklofenaki" kisha nikuache na maumivu. Diklofenaki ya kupaka huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana ikilinganishwa na kidonge, na kwa goti husaidia wengi. Parasetamoli ni nafuu kwa figo, ila nayo si maji: utafiti wa mwaka 2022 huko Edinburgh ulionyesha kwamba gramu 4 kila siku kwa wiki mbili zilipandisha presha kwa milimita 5 hivi kwa wenye presha. Siku moja moja haina shida. Mazoezi ya kuimarisha msuli wa mbele wa paja, ukifundishwa na mtaalamu wa viungo, mara nyingi hupunguza maumivu sawa na kidonge, ingawa huchukua wiki kadhaa na mwanzoni yanakera.

Vidonge vya mafuta ya samaki, ukivipenda, endelea na viwili hivyo. Ila kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au moyo wako umewahi kwenda ovyo, mwulize daktari kwanza.

Usisubiri miadi ukiona 180/120 au zaidi. Kaa kimya dakika tano, pima tena. Ikiwa ni ileile, nenda ukaonwe siku hiyohiyo. Ikiambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kichwa kinachopasuka, macho kufifia, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, hiyo ni dharura ya dakika, usipime tena. Vilevile usisubiri miadi ukikojoa kidogo kupita kawaida, au ukivimba uso na miguu, kwa kuwa umekaa na diklofenaki na enalaprili miezi minne.

Ukienda kliniki beba makopo na pakiti zote, ya goti ikiwa juu kabisa. Kabla ya hapo pima nyumbani kwa siku saba, asubuhi kabla ya dawa na jioni, mara mbili kila mara, umekaa na mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, na uandike kila namba hata isiyokupendeza. Hakikisha pia mkanda wa kipimo unakutosha: mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ilivyo, na sitaki daktari akuongezee dawa kwa sababu ya mkanda.